Bango la Ridhaa: Historia ya Ombi la Vidakuzi katika Tovuti

Bango la ridhaa ya vidakuzi, yaani ule ukanda au kisanduku kinachojitokeza mtu afunguapo tovuti kwa mara ya kwanza na kumtaka akubali au akatae kuhifadhiwa kwa kumbukumbu za matembezi yake, limezoeleka kiasi kwamba watumiaji wengi hulidhania kuwa limekuwapo tangu intaneti ilipoanza kutumika. Umri wake kwa hakika ni mdogo, kwa kuwa lilianza kuonekana kwa wingi barani Ulaya kati ya mwaka 2011 na 2012, takriban miaka 17 baada ya kidakuzi chenyewe kubuniwa, na sheria iliyolizaa haikutaja mahali popote bango, wala kitufe, wala rangi ya kitufe. Linalohitaji kuelezwa na mwanahistoria ni kwa nini ombi hilo liliwekwa katika kila tovuti, likarudiwa mara maelfu kwa mtumiaji yuleyule, badala ya kuwekwa mara moja katika kivinjari, ambacho ndicho chombo kinachozipokea kumbukumbu hizo na kuzitunza. Nafasi ya kuliweka huko ilipatikana zaidi ya mara moja, na kila ilipopatikana iliachwa ipite.

Kidakuzi ni kipande kidogo cha maandishi ambacho seva, yaani kompyuta inayoihudumia tovuti, hukipa kivinjari ili kikihifadhi katika kompyuta au simu ya mtumiaji, na kivinjari hukirudisha kwa seva hiyohiyo kila kinapoomba ukurasa mwingine. Haja yake ilitokana na upungufu wa itifaki ya HTTP, yaani kanuni za mawasiliano baina ya kivinjari na seva, ambayo haikuwa na kumbukumbu yoyote: kila ombi lilipokewa na kujibiwa peke yake, na seva haikuwa na njia ya kutambua kwamba aliyeomba ukurasa wa pili ndiye aliyeomba wa kwanza. Kwa wanasayansi waliosomeana makala upungufu huo haukuwa na madhara, lakini kwa mfanyabiashara ulikuwa kikwazo kikubwa, kwa sababu mteja aliyechagua bidhaa katika ukurasa mmoja alikuwa mgeni kabisa alipofika katika ukurasa wa malipo. Mwaka 1994 kampuni ya simu ya MCI ilitaka duka la mtandaoni ambalo kikapu cha mnunuzi kisitunzwe katika seva zake, na Lou Montulli, mhandisi wa kampuni changa ya Netscape, akishirikiana na John Giannandrea, akabuni kidakuzi ili kutimiza haja hiyo. Toleo la majaribio la kivinjari cha Netscape lililotolewa Oktoba 1994 lilikuwa tayari na uwezo huo, na Internet Explorer ya Microsoft ikaufuata mwaka 1995.

Inafaa kukumbukwa kwamba faragha haikusahauliwa katika ubunifu huo. Njia nyepesi zaidi ingekuwa kumpa kila mtumiaji namba moja ya kudumu ambayo kivinjari chake kingeionyesha kwa kila tovuti, na Montulli ameeleza baadaye kwamba njia hiyo iliachwa kwa makusudi kwa kuwa ingeziwezesha tovuti zote kumfuatilia mtu mmoja popote aendako. Kidakuzi kiliwekewa mpaka: seva iliyokiweka ndiyo pekee inayoweza kukisoma. Mpaka huo ulikuwa na ufa ambao haukutambulika mapema, kwa sababu ukurasa mmoja wa tovuti haulazimiki kutoka katika seva moja. Ukurasa wa gazeti unaweza kuwa na picha ya tangazo inayoletwa na seva ya kampuni ya matangazo, na kivinjari kinapokwenda kuichukua picha hiyo, kampuni hiyo nayo hupata nafasi ya kuweka kidakuzi chake. Kampuni hiyohiyo ikiwa na matangazo katika magazeti, maduka na tovuti za afya elfu moja, kidakuzi chake kitasomwa katika zote elfu moja, na namba ile iliyokataliwa mlangoni huwa imerudi kwa mlango wa nyuma. Hivi ndivyo vinavyoitwa vidakuzi vya wahusika wengine, na juu yake ndipo kampuni ya DoubleClick na nyingine za aina yake zilipojenga biashara kuanzia katikati ya miaka ya 1990.

Umma haukuambiwa lolote hadi gazeti la Financial Times lilipochapisha makala kuhusu jambo hilo tarehe 12 Februari 1996, na Tume ya Biashara ya Marekani ikalijadili katika vikao vyake vya mwaka huo na wa 1997. Wakati huohuo jopo la wahandisi lililokuwa likiandika viwango vya intaneti lilikuwa limekwisha kuuona ufa ule. Waraka wa kiwango wa RFC 2109, uliotolewa Februari 1997 na kuandikwa na David Kristol wa Bell Labs pamoja na Montulli mwenyewe, uliagiza kwamba vivinjari visiruhusu vidakuzi vya wahusika wengine, na kwamba iwapo kivinjari kitampa mtumiaji hiari ya kuviruhusu, basi hiari hiyo iwe imezimwa hadi mtumiaji aiwashe mwenyewe. Makampuni ya matangazo yalilalamika kwamba agizo hilo lingeiua biashara yao. Netscape na Microsoft, ambazo kwa pamoja zilikuwa na karibu watumiaji wote wa vivinjari duniani, hazikulitekeleza, na waraka uliofuata mwaka 2000, RFC 2965, ulipatwa na mkasa uleule. Ule wa mwaka 2011, RFC 6265, uliandikwa kueleza vivinjari vinavyofanya kazi kwa vitendo, na suala la wahusika wengine ukawaachia watengenezaji wa vivinjari waamue.

Walichokuwa wamekwisha kukifanya Netscape kabla ya waraka wa mwaka 1997 kilikuwa kidogo. Kivinjari chao cha toleo la 3, la mwaka 1996, kilikuwa na mpangilio uliomwezesha mtumiaji kuulizwa kabla ya kila kidakuzi kupokewa, na aliyethubutu kuuwasha alijikuta akijibu maswali kadhaa kwa ukurasa mmoja, hadi akauzima. Mpangilio huo unastahili kuhesabiwa kuwa babu wa bango, kwa kuwa kasoro yake kuu, yaani kuuliza mara nyingi hadi jibu lipoteze maana, ilirithiwa na mjukuu bila kupungua.

Umoja wa Ulaya uliingia katika suala hili kwa Agizo namba 2002/58 la tarehe 12 Julai 2002 kuhusu faragha katika mawasiliano ya kielektroniki. Agizo, katika mfumo wa Umoja huo, ni sheria inayoweka lengo na kuziachia nchi wanachama zitunge sheria zao za kulifikia. Ibara ya 5(3) ya agizo hilo ilihitaji mtumiaji apewe taarifa na haki ya kukataa, jambo ambalo tovuti nyingi zililitimiza kwa aya moja iliyozikwa katika ukurasa wa sera ya faragha ambao hakuna aliyeusoma. Mabadiliko yaliyopitishwa tarehe 25 Novemba 2009 yaliigeuza ibara hiyo juu chini: kuanzia hapo kuhifadhi taarifa katika kifaa cha mtu, au kusoma zilizomo, kukaruhusiwa iwapo tu ameridhia baada ya kuelezwa waziwazi. Yaliachwa mambo mawili yasiyohitaji ridhaa, yaani yale yanayohitajika ili mawasiliano yenyewe yafanyike, na yale ya lazima kabisa kwa huduma ambayo mtumiaji ameiomba, mfano kikapu cha dukani au kumbukumbu ya kwamba mtu amekwisha kuingia katika akaunti yake. Utangulizi wa mabadiliko hayo ulisema kwamba ridhaa ingeweza kutolewa kupitia mipangilio ya kivinjari pale inapowezekana kitaalamu. Hiyo ilikuwa nafasi ya pili. Vivinjari vya wakati huo, hata hivyo, vilikuwa vikipokea vidakuzi vyote bila kuuliza, na wasimamizi wa faragha wa nchi za Ulaya walikataa kuuhesabu ukimya wa mtu asiyejua kwamba kuna mpangilio kuwa ni ridhaa. Mzigo ukawaangukia wenye tovuti, na nchi wanachama zikapewa hadi tarehe 25 Mei 2011 kuiingiza ibara hiyo katika sheria zao.

Uingereza ndiko mahali panapoonyesha vizuri zaidi jinsi bango lilivyopata umbo lake. Ofisi ya Kamishna wa Taarifa, ambayo ndiyo msimamizi wa sheria hiyo huko, ilitoa mwaka mmoja wa kujitayarisha, lakini yenyewe ikaweka katika tovuti yake, mwaka 2011, ukanda wa maelezo juu ya ukurasa wenye kisanduku cha kuweka alama ya vema kwa anayekubali. Matokeo yake yaliwashtua wenye biashara: idadi ya wageni walioonekana katika takwimu za tovuti hiyo ilishuka kwa takriban asilimia 90. Wageni wenyewe hawakuwa wamepungua, ila wengi hawakukiweka kile kisanduku alama, na asiyekubali hakuhesabiwa. Kwa maneno mengine, lilipoulizwa swali la haki, lenye jibu la kukataa lisilohitaji jitihada, watu wachache sana walikubali. Mei 2012, siku za mwisho kabisa za muhula wa kujitayarisha, ofisi hiyo ilirekebisha mwongozo wake na kusema kwamba ridhaa inayotokana na vitendo inaweza kutosha, yaani mtu aliyeonyeshwa tangazo na kuendelea kusoma achukuliwe kuwa ameridhia. Na mapema mwaka 2013 tovuti yake yenyewe ikaufuata utaratibu huo.

Kutokana na rekebisho hilo lilizaliwa bango la kizazi cha kwanza, ambalo kwa hakika halikuwa ombi bali taarifa. Maneno yake yalikaribia kufanana kila mahali: tovuti hii inatumia vidakuzi ili kukupa huduma bora zaidi, na ukiendelea unakuwa umekubali, chini yake kitufe kimoja chenye neno la kuonyesha kwamba msomaji ameelewa. Kufanana huko kulikuwa na sababu ya kiufundi, kwa maana wasanidi wengi hawakuyaandika wenyewe. Kampuni ya Uingereza ya Silktide, ambayo mwaka 2012 ilikuwa miongoni mwa walioikejeli sheria hiyo hadharani, ilitoa bure msimbo wa bango ambao msanidi aliunakili katika ukurasa wake kwa mistari michache, kisha akachagua rangi ya ukanda, rangi ya kitufe, iwapo utokee juu au chini, maneno yake, na kiungo cha kuelekea sera ya faragha. Kazi ya kulirekebisha bango ilikuwa hiyo tu, na ilikuwa kazi ya sura. Vidakuzi vya takwimu na vya matangazo vilikuwa vimekwisha kuwekwa kabla ukanda haujatokea, na kubofya kitufe hakukubadilisha chochote isipokuwa kuweka kidakuzi kimoja zaidi cha kukumbuka kwamba ukanda usionyeshwe tena.

Mabadiliko ya kweli yaliletwa na Kanuni ya Jumla ya Ulinzi wa Data ya Umoja wa Ulaya, iliyopitishwa Aprili 2016 na kuanza kutumika tarehe 25 Mei 2018. Kanuni hiyo inavitaja vidakuzi mara moja tu, tena katika utangulizi, lakini ilieleza ridhaa kwa masharti ambayo bango la kizazi cha kwanza lisingeweza kuyatimiza: itolewe kwa hiari, kwa jambo mahususi, na mtu aliyeelezwa, kwa tendo lililo wazi, ukimya na visanduku vilivyowekwa alama mapema havihesabiki. Adhabu yake ilifikia euro milioni 20 au asilimia 4 ya mapato ya kampuni ya mwaka mzima duniani kote, kile kitakachokuwa kikubwa zaidi kati ya viwili hivyo, na ni kiwango hicho cha faini, kuliko ufasaha wa masharti, kilichozipeleka kampuni kwa mawakili katika miezi ya mwanzo ya mwaka 2018.

Kwa msanidi wa programu za wavuti, sharti gumu lilikuwa la wakati: ridhaa itangulie, kidakuzi kifuate. Bango halikuweza tena kuwa pambo juu ya ukurasa, bali lilipaswa kuwa lango linalozuia misimbo ya wahusika wengine isifanye kazi mpaka jibu lipatikane. Njia iliyoenea ilikuwa kuubandika kila msimbo wa takwimu au wa tangazo lebo isiyo yake, ukatambulishwa kwa kivinjari kuwa ni maandishi ya kawaida na si programu, hivyo kivinjari kikaupita bila kuutekeleza. Mtumiaji anapokubali kundi linalohusika, iwe ni takwimu au matangazo, msimbo wa bango huirudisha lebo ya kweli na kuuamsha uliokuwa umelala. Microsoft nayo ililiweka bango ndani ya zana zake, kwa kuwa ASP.NET Core 2.1, jukwaa lake la kujengea programu za wavuti lililotolewa mwishoni mwa Mei 2018, lilimpa msanidi kiolezo chenye bango tayari na mpangilio wa kuzuia vidakuzi visivyo vya lazima. Humo mlikuwa na mtego: kidakuzi cha kikao, kinachotunza data za mtumiaji kutoka ukurasa hadi ukurasa, hakikuhesabiwa kuwa cha lazima mpaka msanidi mwenyewe akitangaze hivyo, na asiyesoma maelezo kwa makini aliona data za wateja zikitoweka kati ya ukurasa na ukurasa bila kujua kwamba chanzo ni bango ambalo mteja hakulibofya.

Ugumu huo ulizaa biashara mpya, ya majukwaa ya kusimamia ridhaa, yaani huduma za kulipia ambazo huikagua tovuti, huorodhesha vidakuzi vyake, huonyesha bango na kutunza ushahidi wa majibu. Cybot ya Copenhagen, yenye bidhaa iitwayo Cookiebot, ilikuwapo tangu mwaka 2012. OneTrust ya Atlanta, iliyoanzishwa mwaka 2016, ilifikia mwaka 2021 kuthaminiwa na wawekezaji kwa zaidi ya dola bilioni 5. Sekta ya matangazo nayo, kupitia chama chake cha IAB Europe, ilitangaza Aprili 2018 mfumo wa pamoja ambao huligeuza jibu la mtumiaji kuwa mfuatano wa herufi na kuupeleka kwa mamia ya makampuni kwa mkupuo. Mamlaka ya Ubelgiji ilikitoza chama hicho euro 250,000 Februari 2022 kwa kasoro za mfumo huo, na Machi 2024 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikaamua kwamba hata ule mfuatano wa herufi, pale unapoweza kuhusishwa na mtu kupitia anwani ya kifaa chake, ni taarifa binafsi. Chombo kilichobuniwa kuthibitisha kwamba sheria inafuatwa kikawa chenyewe kinahitaji sheria.

Mahakama hiyo ya Luxembourg ilikuwa imekwisha kutoa, tarehe 1 Oktoba 2019, hukumu iliyo na uzito mkubwa kuliko nyingine zote katika historia hii, na shauri lake linastahili kuelezwa kwa kirefu. Mwaka 2013 kampuni ya Kijerumani ya Planet49 iliendesha bahati nasibu mtandaoni. Mshiriki alipoandika namba ya posta ya eneo lake alipelekwa kwenye ukurasa wa kujaza jina na anwani, na chini ya nafasi hizo palikuwa na visanduku viwili. Cha kwanza kilikuwa kitupu, na kukiweka alama kulimaanisha kukubali kutafutwa na wafadhili wa bahati nasibu kwa matangazo. Aliyefuata kiungo chake alikuta orodha ya makampuni 57, kila moja likiwa na neno la kujiondoa pembeni, ili ayaondoe moja moja kama ana subira hiyo. Cha pili kilikuwa na alama tayari, na kiliruhusu vidakuzi vya kufuatilia matembezi ya mshiriki katika tovuti za washirika wa kampuni hiyo ili aletewe matangazo yanayolingana na alivyovipenda. Shirikisho la vyama vya watumiaji la Ujerumani lilifungua kesi, ikapanda hadi Mahakama Kuu ya Shirikisho, nayo ikaomba tafsiri kutoka Luxembourg.

Mahakama ya Ulaya ilijibu kwamba kisanduku chenye alama tayari si ridhaa, na sababu yake ilikuwa ya kimantiki zaidi kuliko ya kisheria: mtu asipoiondoa alama, hakuna njia ya kujua kwa hakika kama alikubali au hakuyasoma maelezo kabisa. Iliongeza kwamba sharti hilo linahusu taarifa yoyote inayohifadhiwa katika kifaa cha mtu, iwe ni taarifa binafsi au la, kwa kuwa kinacholindwa ni eneo lake la faragha. Na kwamba mtumiaji aambiwe vidakuzi vitadumu kwa muda gani na kama wahusika wengine wanaweza kuvisoma. Kutokana na hukumu hiyo, maelezo ya muda na majina ya wahusika yaliingia katika mabango ya Ulaya nzima.

Hukumu haikugusa, hata hivyo, kitufe cha kukataa, na mvutano wote ukahamia hapo. Watafiti watano, akiwamo Midas Nouwens wa Chuo Kikuu cha Aarhus na Michael Veale wa London, walizikagua, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020, tovuti 10,000 zinazotembelewa zaidi nchini Uingereza kutafuta mabango ya majukwaa matano yaliyoongoza sokoni, na wakabaini kwamba ni asilimia 11.8 tu ya mabango hayo yaliyotimiza masharti ya chini kabisa waliyoyachota katika sheria. Jaribio lao la pili lilipima nguvu ya umbo lenyewe: kitufe cha kukataa kilipoondolewa katika ukurasa wa kwanza wa bango na kufichwa katika wa pili, kiwango cha ridhaa kilipanda kwa pointi 22 hadi 23 za asilimia. Takwimu hiyo inatosha kueleza kwa nini, katika kazi ya kulirekebisha bango, nafasi ya kitufe kimoja ilijadiliwa na idara za biashara zaidi kuliko maelezo yote yaliyokizunguka. Yule mbunifu wa picha aliyeambiwa akipake kitufe cha kukubali rangi ya kung'aa na cha kukataa rangi ya kijivu juu ya kijivu alikuwa, atake asitake, akiandika sheria.

Ufaransa ndiyo iliyolikata shauri hilo kwa faini. Tume yake ya kulinda data, CNIL, ilitoa mwongozo mwaka 2020 uliotaka kukataa kuwe rahisi sawa na kukubali, ikazipa tovuti hadi mwisho wa Machi 2021, na Januari 2022 ikatangaza faini za euro milioni 150 kwa Google na milioni 60 kwa Facebook. Kosa lilikuwa lilelile kwa wote: kubofya mara moja kulitosha kukubali, lakini aliyetaka kukataa alilazimika kupita katika hatua kadhaa. Kwa Facebook palikuwa na la ziada lililo karibu na kichekesho, kwa maana mtu aliyezipitia hatua hizo zote na kuzima kila kitu alikuta kwamba kitufe cha kuuthibitisha uamuzi wake wa kukataa kimeandikwa kwamba anakubali vidakuzi. Shirika la noyb la Vienna, linaloongozwa na mwanasheria Max Schrems, lilikuwa limezitumia kampuni zaidi ya 500 rasimu za malalamiko Mei 2021 kuhusu mabango ya namna hiyo. Vitufe viwili vilivyo sawa, vya kukubali vyote na kukataa vyote, vilianza kuonekana kwa pamoja katika ukurasa wa kwanza wa mabango ya Ulaya baada ya hapo, yaani miaka zaidi ya kumi tangu sheria ya ridhaa ilipopitishwa.

Afrika Mashariki ililipokea bango kabla ya kuwa na sheria zake. Wasomaji wa Kiswahili walikutana nalo katika idhaa za Ulaya, kama BBC ya London na Deutsche Welle ya Bonn. Na msanidi wa Nairobi au Dar es Salaam anayejenga tovuti kwa WordPress hulipata likiwa tayari katika programu-jalizi iliyotungwa kwa kufuata sheria ya Ulaya. Kufuata huko si uigaji mtupu wakati wote, kwa kuwa Kanuni ya Ulaya inazihusu pia biashara zilizo nje ya Umoja huo zinazowauzia watu waliomo ndani yake, na hoteli ya Zanzibar au kampuni ya safari ya Arusha inayowalenga watalii wa Ujerumani imo katika kundi hilo. Kenya ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, na kanuni zake za mwaka 2021 zinavitaja vidakuzi kwa jina, pale zinapoeleza kwamba kumwonyesha mtu tangazo kwa kutumia data zilizokusanywa kwa njia hiyo ni matumizi ya kibiashara ya taarifa zake. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023 chini ya Tume iliyoundwa kwa kazi hiyo. Ridhaa inatajwa katika sheria zote mbili, lakini bango lenyewe, kwa umbo lake na vitufe vyake, limeendelea kuwa la Kiulaya hata linapotokea katika tovuti ya soko la Kariakoo.

Kivinjari, wakati huohuo, kilianza kuifanya kazi iliyoagizwa mwaka 1997, ingawa kwa kuchelewa na kwa kutolingana. Firefox ilianza kuvizuia vidakuzi vya ufuatiliaji bila kuombwa mwaka 2019, na Safari ya Apple ikazuia vyote vya wahusika wengine Machi 2020. Google, ambayo ilikamilisha ununuzi wa DoubleClick mwaka 2008 na ambayo Chrome yake ndiyo kivinjari kinachotumika zaidi duniani, iliahidi Januari 2020 kuviondoa katika muda wa miaka miwili, ikaahirisha mara kwa mara, na Julai 2024 ikaiacha ahadi hiyo. Tofauti kati ya makampuni hayo haihitaji maelezo marefu: Apple huuza simu, na Google huuza matangazo.

Kwa upande wa sheria, Tume ya Ulaya ilipendekeza Januari 2017 kanuni mpya ya faragha ya mawasiliano ambayo ingemwezesha mtumiaji kutoa jibu lake mara moja kupitia kivinjari, lakini maafikiano ya mwisho juu yake hayakupatikana kwa miaka minane, na Februari 2025 Tume ikatangaza kuliondoa pendekezo hilo. Novemba 2025 ilileta jingine, linalotaka kukataa kuwezekane kwa kubofya mara moja, tovuti zisimuulize tena aliyekataa kabla ya miezi sita kupita, na hatimaye vivinjari viwe na njia ya kupeleka jibu la mtumiaji kwa kila tovuti anayoifungua. Pendekezo hilo lilipelekwa kwa Bunge la Ulaya na Baraza la Umoja huo, na mwaka 2025 ulipomalizika, ibara ya 5(3) kama ilivyorekebishwa mwaka 2009 ndiyo iliyokuwa bado ikitumika.